Kura 48 za Grace Padaca

Nimezifuatilia siasa za mikoa ya Ufilipino kwa miaka mingi. Nikiulizwa nianzie wapi kuzieleza, huanza na namba moja: 48.

Hizo ndizo kura alizopungukiwa Grace Padaca mwaka 2001, alipogombea ubunge wa jimbo la tatu la mkoa wa Isabela, kaskazini mwa kisiwa cha Luzon. Aliyemshinda ni Faustino Dy III. Anayeijua Isabela hashangai kwamba Padaca alishindwa. Anashangaa alivyokaribia kushinda.

Ukoo wa Dy uliushika ugavana wa mkoa huo kwa takriban miongo mitatu. Kwani vipindi havina ukomo? Vinao. Katiba ya 1987 inampa gavana vipindi vitatu mfululizo, kila kimoja miaka mitatu. Lakini ukomo huo unambana mtu, ukoo haugusi. Benjamin Dy alikaa tangu 1992 hadi 2001, miaka yake tisa kamili, kisha kiti kikaenda kwa ndugu yake, Faustino Jr. Kwingine mume humpisha mke, kisha mume huyo huhamia bungeni kungoja zamu irudi. Katiba hiyohiyo inakataza koo za kisiasa, ila iliacha maana yake ifafanuliwe na sheria. Bunge, ambalo wengi wake ni watoto wa koo hizo, halijaitunga sheria hiyo kwa viti kama vya ugavana.

Padaca hakuwa na ukoo wa kumbeba. Aliugua polio akiwa na miaka mitatu na hutembea kwa magongo. Alisomea uhasibu, lakini watu walimjua kwa sauti: alitangaza katika kituo cha redio cha Bombo Radyo mjini Cauayan, Isabela, kwa miaka 14, akiyasema ya mkoa wazi kila siku.

Hapa panahitaji maelezo, maana ndipo moyo wa habari hii ulipo. Kabla ya 2010 kura za Ufilipino hazikuwa za kutia alama. Mpiga kura alipewa karatasi yenye mistari mitupu, akaandika kwa mkono jina la kila amtakaye. Jioni walimu waliosimamia kituo walizisoma karatasi kwa sauti, moja moja, huku mwenzao akichora vijiti ukutani. Mkulima wa mahindi wa Isabela alipaswa kulibeba jina "Padaca" kichwani hadi kituoni na kuliandika mwenyewe. Naamini kabisa kwamba redio ndiyo iliyoliweka pale.

Mwaka 2004 aliutaka ugavana wenyewe, akamwangusha Faustino Jr. Mwaka 2007 akamshinda Benjamin, na mwaka 2008 akapewa Tuzo ya Ramon Magsaysay, inayoitwa Nobel ya Asia. Mwaka 2010 Faustino III alirudi na kumtoa. Rais Aquino alimteua Padaca kuwa kamishna wa Tume ya Uchaguzi mwaka 2012, lakini uteuzi haukuthibitishwa, akaondoka mwaka uliofuata. Kesi kuhusu mkopo wa peso milioni 25 wa mpango wa mpunga, aliouidhinisha akiwa gavana, ilimwandama miaka mingi.

Mimi humpima kwa mwaka 2004. Miaka sita yake ilitosha kuwaonyesha watu wa Isabela kwamba kiti kile kinahamishika.

Septemba 2025 Faustino Dy III, yule wa kura 48, alichaguliwa kuwa Spika wa Baraza la Wawakilishi. Muswada wowote wa kuzibana koo za kisiasa sasa utapita mbele ya kiti chake.