Babu Yako Hakupanda Meli Ile

Jumamosi iliyopita nimeisikia tena. Tulikuwa msibani, tumejazana sebuleni tunasubiri wenzetu waliokwenda kufuatilia karatasi za kusafirisha mwili. Kaka mmoja wa Kibosho, Kilimanjaro, injinia, mtu ninayemheshimu sana, akashusha sahani yake ya pilau akasema: "Sisi weusi presha iko kwenye damu. Wakati wa utumwa waliovuka bahari wakiwa hai ni wale ambao miili yao ilishika chumvi. Sasa utafanyaje? Ndivyo tulivyoumbwa." Watu wakatikisa vichwa kukubali. Marehemu alikuwa na miaka 51. Kiharusi.

Mimi ni mfamasia, mwaka wa kumi na nne huu hapa Marekani, na maneno hayo nimeyasikia kwa wazee wa kanisani, kwa wanafunzi wa vyuo, kwa madereva wa malori na hata kwa muuguzi mmoja. Msibani sikubishana. Nabishana hapa.

Kaka yangu, babu yako hakupanda meli ile. Alikuwa Kibosho kwenye migomba yake, na baba yake vilevile. Kama presha yako ni 160 leo hii, haikutoka kwenye tumbo la jahazi lililokuwa likivuka Atlantiki, kwa sababu hakuna wa ukoo wako aliyekuwemo. Hata kwa Wamarekani weusi, ambao wazee wao kweli walivushwa, nadharia hiyo haisimami. Ilitembea sana miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990. Mwaka 1992 mwanahistoria Philip Curtin akaifuatilia kwenye kumbukumbu za biashara ya utumwa, asione uthibitisho wa kuibeba: si huo uhaba wa chumvi wanaodai ulikuwepo Afrika Magharibi, wala hivyo vifo vya melini vya namna wanayoisimulia. Lakini ni hadithi tamu. Ina huzuni, ina mashujaa walionusurika, na inamwondolea kila mtu lawama, pamoja na wanaostahili kulaumiwa.

Tazama namba. Daktari Richard Cooper na wenzake walipima watu wenye asili ya Afrika Magharibi katika nchi mbalimbali, wakachapisha mwaka 1997. Nigeria na Kamerun, wenye presha walikuwa asilimia 16. Visiwa vya Karibi, asilimia 26. Maywood, kitongoji cha Chicago, asilimia 33. Asili ni moja, na presha inapanda kadiri unavyosogea Marekani. Mwaka 2005 wakaongeza wazungu kwenye hesabu: Wajerumani wenye presha walikuwa asilimia 55, Wamarekani weusi 44, Wanigeria 14 hivi. Kama ni damu nyeusi, huyo Mjerumani imemfikiaje? Na Mnigeria imempitaje?

Sisemi jeni hazina kazi. Mama yako akiwa na presha na baba yako akiwa na presha, njoo nikupime mapema. Ipo pia jeni moja, APOL1, ambayo ina aina mbili zilizoenea zaidi Afrika Magharibi kwa sababu zinamkinga mtu na malale. Mtu akirithi nakala mbili, hatari ya figo zake kuharibika inaongezeka, ingawa wengi wenye nakala hizo hawafiki huko. Hilo ni la kweli na ni zito. Lakini hiyo ni jeni inayojulikana ilipo na kazi yake, unaweza kuipima kwa mtu mmojammoja. Sio "damu ya weusi". Huyo kaka wa Kibosho na jirani yake mzaliwa wa Alabama wanafanana rangi, basi.

Na imani hii si ya kupuuza, kwa sababu iliingia hadi maabara. Kwa miaka mingi hesabu ya kukadiria uwezo wa figo ilikuwa na kizidisho cha mtu mweusi. Damu ileile, kreatinini ileile (taka ya misuli ambayo figo huichuja): ukiandikwa mweusi, jibu linapandishwa kama asilimia 16 kwa hesabu moja, 21 kwa nyingine. Eti miili yetu ina misuli zaidi. Maana yake figo zako zinakufa lakini karatasi inasema bado ziko salama, na foleni ya kupandikizwa figo unaingia umechelewa. Kizidisho hicho kiliondolewa mwaka 2021, na kuanzia 2023 hospitali zikatakiwa kuwarudishia wagonjwa weusi muda waliopotezewa kwenye foleni. Nilikuwa natoa dozi za dawa kwa kutumia hesabu ile. Sikuwahi kuhoji. Nilifundishwa, nikaifuata, na mpaka leo kuna sura za wagonjwa zinazonijia nikilikumbuka hilo.

Sasa nije kwenye mkanda, ule unaofungwa mkononi kupima presha, maana hapa ndipo ninapoumia.

Kila Jumamosi asubuhi nakaa kwenye saluni ya kunyolea ya mtaa wetu na mashine yangu ya presha. Mwezi uliopita alikuja mzee mmoja, dereva wa basi aliyestaafu, mkononi ana karatasi ya kliniki: 158 kwa 92. Wamemwongezea dawa mbili kwa mpigo na wamemwandikia kwamba "hafuati matibabu". Mzee ananiapia kwamba anameza kila siku. Nikamwuliza, "Mzee wangu, walikufunga mkanda gani?" Akanitazama kama nimemwuliza rangi ya viatu vya daktari. Nikatoa futi ya fundi nguo, nikauzungusha mkono wake juu ya kiwiko: sentimita 41. Mkanda wa kawaida wa mtu mzima unaishia kama 34. Mkono wa 41 unataka mkanda mkubwa.

Nikamkalisha kwenye kiti cha kawaida, sio cha kinyozi. Mgongo umeegemea. Miguu chini, haijapishana. Mkono juu ya meza, usawa wa moyo, nguo imevuliwa, sio kukunjwa ikabana. Halafu dakika tano za kimya, na kimya kwenye saluni Jumamosi ni kazi, ikabidi kinyozi mwenyewe azime mashine na kuwaambia vijana wanyamaze. Nikapima mara mbili. 141 kwa 84.

Sitasema tofauti yote ililetwa na mkanda. Kliniki alifika anahema, akapimwa huku anaulizwa maswali. Lakini mkanda una sehemu yake, na sehemu hiyo imepimwa: utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2023 ulikuta kwamba mtu anayehitaji mkanda mkubwa zaidi kuliko yote akifungwa wa kawaida, namba ya juu inazidi kwa wastani wa 19.5. Kumi na tisa na nusu! Huo ndio umbali kati ya mtu wa kushauriwa na mtu wa kurundikiwa vidonge. Na 141 bado ni presha, mtu asinielewe vibaya, mzee anahitaji dawa. Ila hahitaji dawa za mtu wa 158, na hakustahili kuandikwa mkaidi kwenye faili lake. Mtu akishaandikwa hivyo, kila daktari atakayefuata atamsoma kwanza kabla ya kumsikiliza. Halafu siku mzee huyo akiacha kwenda kliniki, mtasema watu weusi hawajijali.

Neno hilo ndilo pacha wa lile la damu. Wahamiaji wenzangu ndio wanaolipenda zaidi: "Hawa weusi wa hapa hawajijali." Hiyo "damu yetu" inageuka ghafla kuwa uvivu wao. Na wakitajwa kuogopa hospitali, inatolewa Tuskegee, ule utafiti wa serikali ya Marekani wa kaswende kwa wanaume weusi, kama ufunguo wa kila kufuli, tena kimakosa. Watu wale wa Macon County, Alabama, hawakudungwa kaswende. Wengi wao, 399, walikuwa nayo tayari, wakaachwa nayo kuanzia 1932 hadi 1972, hata baada ya penisilini kupatikana, ili serikali ione itakavyowamaliza. Lakini yule dereva wa basi hakunitajia Tuskegee. Alinitajia karatasi ya wiki mbili zilizopita.

Kuhusu dawa nitasema kifupi, ingawa ndiyo kazi yangu. Mwongozo wa Marekani wa 2017, uliotumika hadi mwingine ulipotoka 2025, ulisema mtu mweusi asiye na ugonjwa wa figo wala moyo kushindwa aanzishiwe dawa ya kutoa maji na chumvi au jamii ya amlodipini, badala ya dawa ya presha iitwayo lisinopril peke yake. Msingi upo. Kwenye utafiti wa ALLHAT, 2002, wagonjwa weusi waliopewa lisinopril walipata kiharusi kwa asilimia 40 zaidi ya weusi wenzao waliopewa kidonge cha kutoa maji, na kuvimba midomo na ulimi kwa sababu ya lisinopril kunatokea zaidi kwa weusi. Kwa hiyo nimekuwa nikiufuata. Lakini hapa nina mashaka, na nayasema wazi. Nimetoka kusema mweusi si aina moja ya mwili, kisha nasoma kisanduku cha "mweusi" ndipo nachagua kidonge. Mmakonde, Msomali na mzee wa Mississippi kwenye kisanduku kimoja. Wengi wataishia kuhitaji dawa mbili kwa pamoja, na hapo ugomvi huu unapungua. Ila kwa huyo anayeanza na moja, nafanya kazi kwa wastani wa kundi huku mbele yangu amekaa mtu mmoja.

Kinachoshusha presha ya watu wengi nakijua, kwa sababu kilipimwa. Los Angeles, daktari wa moyo Ronald Victor alichukua saluni 52 za vinyozi weusi na wateja 319 wenye presha kali, wastani wa namba ya juu ukiwa zaidi ya 150. Kundi la kwanza kinyozi aliwahimiza kula vizuri na kumwona daktari. Kundi la pili kinyozi aliwahimiza wakutane na mfamasia palepale saluni, anayepima, anayeandika dawa kwa makubaliano na daktari wao, na anayerudi kufuatilia. Matokeo yalichapishwa 2018. Baada ya miezi sita, waliohimizwa tu walishuka kwa 9. Waliofuatwa na mfamasia walishuka kwa 27. Nimefanya kazi hii miaka yote na sijaona namba kama hiyo. Na ni watu walewale wenye "damu".

Soma tena hilo kundi la kwanza. Kuhimizwa pekee, "jitunze bwana, punguza chumvi", kulileta 9. Hizo 18 zilizobaki hazikutoka kwenye nia ya mgonjwa. Zilitoka kwenye utaratibu ambao wenzake walimwekea, mahali anapokaa kwa amani, mbele ya mtu anayemshika kichwa kila baada ya wiki mbili na anayejua jina la mtoto wake. Ndiyo maana neno kujitunza linanitosha nusu tu. Kiswahili kinalo lingine, kutunzana.

Wamarekani weusi wamelijua hilo zamani, na wahamiaji tungewauliza kabla ya kuwasema. Mwaka 1969 Oakland, California, wanachama wa Black Panther, chama cha ukombozi wa weusi, walianza kuwapikia watoto kifungua kinywa kanisani kabla ya shule, kisha wakafungua kliniki za bure, na 1971 wakaanza kupima watu selimundu mitaani baada ya serikali kuipuuza kwa miaka mingi. Mwaka uliofuata sheria ya selimundu ikasainiwa. Haikuwa safi yote: baadhi ya majimbo yalilazimisha vipimo, na watu waliokuwa wabebaji tu, wasioumwa, wakanyimwa kazi na bima. Mwaka 1983 mwanaharakati wa afya Byllye Avery aliwaita wanawake weusi Chuo cha Spelman, Atlanta, kuzungumzia afya zao. Vikundi vilivyozaliwa kutokana na mkutano ule vilianza na jambo moja: kukaa kwa duara na kusema ukweli wa maisha yako, mbele ya wanawake wenzako, kabla ya mtu yeyote kuanza kukuhubiria mazoezi.

Sisi tuna duara hilo tayari. Tuna vikoba, tuna upatu, tuna kundi la WhatsApp ambalo msiba ukitokea usiku linakusanya maelfu ya dola kabla ya jogoo. Kwa marehemu huyu tulichanga kwa siku mbili gharama yote ya kumrudisha nyumbani. Nimekaa na hesabu ile mezani. Mashine nzuri ya presha ya nyumbani ni kama dola 50 au 60. Alikuwa hana. Mke wake ameniambia alikuwa anapimwa dukani kwenye ile mashine ya kuingiza mkono, na ilikuwa inakataa.

Inakataa kwa sababu mkono ni mnene, shemeji. Haikuwa mbovu.

Kwa hiyo kwenye kikao cha juzi nimeomba, na mweka hazina amekubali bila ubishi: kikoba kimenunua mashine nne. Zitazunguka kwenye nyumba, kila nyumba wiki moja, unapima asubuhi na jioni kwa siku saba, unaandika kwenye daftari lililomo ndani ya mfuko, halafu unanitumia picha ya ukurasa. Kaka wa Kibosho ndiye wa kwanza, ameshaichukua. Kila mfuko una mikanda miwili na futi. Pima mkono kwanza: ukizidi sentimita 34, tumia wenye alama nyekundu.