Gari halikuja bila maji, maji yameisha

Juzi tena kwenye grupu la familia mjomba karusha video, nyumba inaungua, gari la zimamoto linageuza linaondoka na moto bado unawaka, chini kaandika "hawa watu kila siku wanakuja bila maji". Nimeisoma niko kituoni nimetoka kuosha mipira ya maji, vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Mjomba shikamoo, heshima yako iko palepale, ila hili neno nimelisikia Tanga nikiwa mdogo, nimelisikia Dar, na huku Pennsylvania, Marekani, nalisikia kwa wazee wa Kizungu wanaofuga ng'ombe, vilevile neno kwa neno, na limenichosha. Kwa hiyo leo naandika kwa kirefu, siku nyingine narusha linki tu.

Mimi ni mzimamoto wa kujitolea, mwaka wa tisa huu. Mchana napakia mizigo ghalani, peja, kile kidude cha kutuita kwenye moto, ikilia naacha nilichoshika, nawasha taa ya bluu kwenye gari langu mwenyewe nakimbilia kituoni. Silipwi. Mafunzo nimesoma jioni na wikiendi miezi kadhaa, mtungi wa hewa mgongoni ni uleule wanaovaa wanaolipwa mjini, na moto hauulizi nani yuko kwenye payroo. Hilo la "wa kujitolea sio wazimamoto kweli" nitaliandikia siku yake. Leo ni maji.

Gari letu linalotoka kwanza lina tenki la galoni 1,000, karibu lita 3,800. Ukizipima kwa ndoo za lita 20 ni ndoo 190, na najua zinasikika nyingi ukiwa umezoea kuchota. Sasa mpira mmoja tu wa kuingia nao ndani, ule ambao watu wawili wanaweza kuuburuta kwenye ngazi, unatoa galoni 150 kwa dakika, yaani ndoo 28 kila dakika. Mpira mmoja unamaliza tenki kabla ya dakika 7. Ukifungua wa pili, na lazima ufungue kwa sababu walioko ndani wanahitaji wa kuwalinda nyuma, una dakika 3 na ushee. Basi. Na kwa kawaida ni dakika hizo hizo jirani anakuwa amevaa viatu, katoka na simu, anaanza kurekodi.

Kuna hesabu ya haraka tunafundishwa, unachukua urefu wa nyumba mara upana kwa futi unagawa kwa 3, jibu ni galoni unazohitaji kila dakika kama floo yote inawaka. Nyumba ya futi 40 kwa 30 inataka galoni 400 kwa dakika, kama lita 1,500. Kwa mwendo huo tenki langu lililojaa hadi juu ni dakika 2 na nusu. Kwa hiyo tunapofika maji yapo, tunayatumia, yanaisha, na gari la kawaida la zimamoto haliwezi kubeba maji ya kumaliza nyumba inayowaka yote, lingekuwa zito mno kwa barabara.

Mjini jibu ni haidranti, bomba la maji la zimamoto lililo kando ya barabara, unafunga mpira mnene unaendelea. Kimji chetu kina haidranti barabara kuu na mitaa michache, ukivuka daraja ni mashamba matupu. Kule maji yanakwenda kwa boza. Tunatandaza tenki la turubai chini, linaonekana kama bwawa la watoto kuogelea ila kubwa, boza linarudi kinyumenyume linafungua mlango wa nyuma linamwaga lote, halafu linaondoka. LINAONDOKA. Hilo ndilo gari la kwenye video. Linakwenda bwawani au mtoni ambako kuna pampu nyingine imekaa inanyonya, linajaa, linarudi. Boza la lita 11,000 likizunguka kwa dakika 12 linakupa kama lita 900 kwa dakika, kwa hiyo maboza mawili yanalisha mipira mitatu kama hakuna anayekwama njiani. Ndio maana kengele ya nyumba shambani ikilia tunaita maboza ya vijiji jirani hapohapo kabla hatujaona hata moshi. Jirani anaona magari yanaingia na kutoka anasema hawa hawajui wanachofanya, kumbe anatazama bomba la maji lenye matairi.

Siku moja mama mmoja alisimama mbele ya boza akafungua mikono, analia, "mnaniacha mnakwenda wapi?" Nyuma yake banda lake linawaka na nyasi za msimu mzima. Dereva hawezi kumgonga na hawezi kumweleza hesabu ya lita kwa dakika. Nilimshika mkono nikamvuta pembeni nikamwambia linakwenda kuchota, linarudi, nahesabu dakika na wewe. Tulihesabu. Lilirudi kwenye ya kumi na tatu.

Na kunyonya kwenyewe watu wanadhani ni kutumbukiza mpira bwawani na kubonyeza kitufe. Pampu haivuti maji. Inatoa hewa kwenye mpira mgumu, halafu uzito wa hewa ya nje ndio unaosukuma maji yapande, ndio maana hata pampu iwe nzuri vipi kimo cha juu kabisa ni kama mita 10 na kwenye kazi halisi ukipata 6 au 7 shukuru. Hewa ikiingia hata kidogo hupati kitu. Januari tunakata barafu kwa msumeno wa injini ndio tufike majini, na usiku mmoja nilisimama pale injini inanguruma, geji imekufa, redioni wanauliza maji, maji, maji. Ilikuwa raba ya kiungio imejikunja, kipande kidogo kama kucha. Nilikiondoa kwa ulimi wa bisibisi, nikakaza upya, mpira ukatikisika ukawa mzito mkononi. Kwa waliokuwa kwenye moto, dakika zile zote tulikuwa "zimamoto bila maji".

Na ndivyo kazi hii ilivyoanza. Benjamin Franklin na wenzake walipounda Union Fire Company pale Philadelphia tarehe 7 Desemba 1736, kilichomtambulisha mwanachama ni ndoo za ngozi na mifuko ya kuokolea vitu, vyote vyake mwenyewe. Watu walijipanga kutoka majini hadi motoni wakipasiana ndoo. Baadaye zikaja pampu za mkono zilizotaka watu wengi wa kupokezana, halafu injini za mvuke, na injini ikishafanya kazi ya mikono mingi unaweza kuajiri wachache ukawalipa. Cincinnati walifanya hivyo tarehe 1 Aprili 1853, miji mikubwa ikafuata. Vimji kama chetu havikuwa na pesa hiyo na mpaka leo havina. Hesabu ya mwaka 2020 Marekani nzima ilikuta wazimamoto 1,041,200 na kati yao 676,900 ni wa kujitolea. Boza letu jipya limelipiwa kwa kuku wa kuchoma, bingo na pankeki za Jumapili asubuhi, miaka mingi ya pankeki.

Sasa lililo gumu, ambalo kwenye vitabu linapita harakaharaka. Mwongozo wa zimamoto za kujitolea unasema kwa vijijini tufikishe watu 6 ndani ya dakika 14, asilimia 80 ya safari. Majaribio ya UL, taasisi ya Marekani inayopima usalama wa vitu, yalionyesha sebule yenye samani za siku hizi, makochi ya foamu na plastiki, inashika moto yote ndani ya dakika 5, wakati yenye samani za zamani ilichukua zaidi ya 29. Weka hizo namba pamoja. Mara nyingi tunafika chumba kimeshakwisha, na ndipo naanza kujiuliza kitu ambacho baada ya miaka tisa bado sina jibu lake, nimwage lita zote 3,800 kwa nguvu sasa hivi nikiomba ziupige moto, au nizibane nilinde ngazi mpaka boza lifike? Nimefanya yote mawili. Yote mawili yamewahi kufaulu na yote mawili yamewahi kuchoma nyumba, na chifu ambaye yuko kazini tangu sijazaliwa akiulizwa anasema "inategemea" halafu ananyamaza.

Mchana ndio naogopa zaidi, watu wako kazini mbali, peja inalia tunatokea watatu. Ripoti ya jimbo ya mwaka 2018 ilisema Pennsylvania ilikuwa na wa kujitolea kama 300,000 miaka ya 1970 na kufikia mwaka huo walikuwa wamebaki kama 38,000.

Kwa hiyo mjomba, ukipiga 114 hapo nyumbani taja mtaa, halafu waambie pia maji yako wapi, kisima cha shule, bwawa, tenki la msikiti, na geti lifunguliwe gari liweze kuingia kinyumenyume. Wakifika msaidie dereva wa boza apate njia. Mimi naachia hapa, mipira imekauka, bado tenki halijajaa na hatuondoki kituoni mpaka maji yamwagike juu.