Karani wa Bunge Hapigi Kura: Soma Hili Kabla ya Kuleta Ardhilhali

Kila Mswada wa Fedha unapofika Bungeni, Karani wa Bunge la Taifa la Kenya huweka tangazo magazetini akiwaomba wananchi maoni. Barua huja, nyingine zenye hoja nzito, nyingine zikimwagiza "autupe huo mswada". Hawezi. Karani hapigi kura, hachangii mjadala, na hana mrengo wa kisiasa. Tumelieleza hili mara nyingi na, inavyoonekana, tutazidi kulieleza.

Karani ni mtumishi wa umma. Ngazi yake huanzia kwa Karani Msaidizi wa daraja la tatu: kijana anayepangiwa kamati, akaandika kumbukumbu za vikao, akawaalika mashahidi na kuandaa rasimu ya ripoti ambayo sahihi yake itakuwa ya mwenyekiti. Kutoka hapo ni kupanda hadi ukurugenzi, kisha naibu karani. Ni miaka ya kuzijua kwa kichwa Kanuni za Kudumu, zinazoongoza shughuli za Bunge, na kutotoa maoni hadharani, jambo ambalo si kila mtu analiweza. Mwishoni, kwa mujibu wa Ibara ya 128 ya Katiba, Tume ya Huduma za Bunge ndiyo humteua Karani, na Bunge likaidhinisha. Rais hahusiki. (Tanzania, Rais ndiye anayemteua Katibu wa Bunge, labda ndiko unakotoka mkanganyiko wa anayedhani Rais wa Kenya humteua Karani.)

Nchi nzima humwona Karani Bunge jipya linapoanza, wakati bado hakuna Spika. Tarehe 8 Septemba 2022, Kaimu Karani Serah Kioko ndiye aliyesimamia uchaguzi wa Spika. Moses Wetang'ula alipata kura 215, Kenneth Marende 130. Ni pengo kubwa, ila kanuni inadai thuluthi mbili ya wabunge wote 349, yaani kura 233. Raundi hiyo haikutoa mshindi, na Wetang'ula alitangazwa Spika baada ya Marende kujiondoa.

Sasa ardhilhali, yaani ombi la maandishi kwa Bunge. Ibara ya 119 inampa kila mtu haki ya kuliomba Bunge lishughulikie jambo lililo chini ya mamlaka yake. Karani ana siku saba za kukagua kama ombi limetimiza masharti. Lisipotimiza, hukurejeshea ulirekebishe. Hajakukataa. Iandike kwa Kiswahili au Kiingereza, kwa lugha ya heshima, bila kufutafuta wala kuchomekea maneno katikati ya mistari. Ikizidi ukurasa mmoja, mada itajwe kwenye kila karatasi. Eleza ni ofisi gani ulizoziendea kwanza na zilijibu nini. Sema kama jambo liko mahakamani. Malizia kwa ombi lililo wazi: unataka Bunge lifanye nini hasa? Majina, anwani, nambari za vitambulisho na sahihi au alama za vidole viandikwe papo hapo kwenye ardhilhali. Karatasi za sahihi zilizobandikwa kwa gundi hazikubaliki, hata zikiwa elfu kumi. Wala usiambatanishe barua na hati za kiapo. Peleka kwa mkono Majengo ya Bunge, au kwa S.L.P. 41842-00100, Nairobi.

Matusi nayo hayaharakishi chochote.

Ukiitwa na kamati, fika. Chini ya Ibara ya 125, kamati ina uwezo kama wa Mahakama Kuu wa kuita mashahidi. Aliyepokea hati ya wito ipasavyo, akakosa kufika bila sababu ya kuridhisha, anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000 chini ya Sheria ya Mamlaka na Kinga za Bunge ya 2017, na polisi wakaagizwa kumkamata. Karani hana mamlaka ya kuifuta hati hiyo, hata ukimpigia simu mara ngapi. Iandikie kamati mapema, kupitia ofisi ya Karani, ukitaja sababu na tarehe unayoweza kufika.