"Mashine Tunazo": Tunayodanganyana Kuhusu Kupima Magonjwa ya Mlipuko

"Mashine tunazo, janga lije tu."

Wanaosema hivi hawasemi uongo. Tangu Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipoidhinisha mashine ya kupima iitwayo GeneXpert kwa ajili ya kifua kikuu mwezi Desemba 2010, mashine hizo zimefika mpaka hospitali nyingi za wilaya. Ila mashine ile ni sawa na jiko la gesi, bila mtungi haipiki. Mtungi wake ni katriji, yaani kikasha chenye dawa za kupimia kinachochomekwa ndani yake, na ugonjwa mmoja hauwezi kupimwa kwa katriji ya mwingine.

Septemba 2022 kijana wa miaka 24 alifariki Mubende, Uganda. Sampuli yake ilipelekwa Entebbe, kwenye Taasisi ya Utafiti wa Virusi (UVRI), na tarehe 20 Serikali ikatangaza Ebola. Aina yenyewe ilikuwa ya Sudan, na hapo ndipo penye somo, maana katriji ya Ebola ya GeneXpert imetengenezwa kutambua aina ya Zaire peke yake. Mashine nzima, yenye umeme, yenye mtaalamu aliyefuzu, ingempima mgonjwa yule na kusema hana Ebola. Isingekuwa imeharibika. Ingekuwa imejibu swali jingine.

Kilichoiokoa Uganda ni taasisi iliyoanzishwa mwaka 1936 kuchunguza homa ya manjano, ambayo mwaka 1947 ilivigundua virusi vya Zika ndani ya damu ya nyani. Watu wa pale wana uzoefu wa kutafuta hata kile ambacho hakuna aliyewaagiza wakitafute. Mlipuko ulipokwisha Januari 2023, wagonjwa 142 walikuwa wamethibitishwa na 55 kati yao wamefariki.

Kongo nako kukawa na kisa kinachofanana, tena chenye ujanja zaidi. Kamituga ni mji wa wachimbaji wa dhahabu, Kivu Kusini. Kuanzia Septemba 2023 mpox (homa ya nyani) ilisambaa pale kwa namna ambayo haikuwa imezoeleka. Wataalamu walipochunguza vinasaba wakakuta virusi vimepoteza kipande fulani, na kipande hicho ndicho ambacho kipimo kimojawapo, kilichotengenezwa kutambua kundi moja tu la virusi vya mpox, kilikuwa kinakitafuta. Kipimo kikawa hakioni kitu. Vipimo vya mpox vya jumla viliendelea kuona. Kwa hiyo nchi yenye aina moja tu ya kipimo, hata ikiwa nayo kwa maelfu, inaweza kuwa kipofu bila kujua.

"Kipimo kikisema hana, basi hana."

Januari 2025 WHO ilieleza kwamba inashuku Marburg, homa kali ya virusi iliyo jamaa ya Ebola, mkoani Kagera, Tanzania. Wizara ya Afya ikajibu kwamba sampuli zilizopimwa hazikuwa na virusi. Tarehe 20, akiwa Dodoma pamoja na Mkurugenzi Mkuu wa WHO, Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza kwamba mgonjwa mmoja amethibitishwa. Mitandaoni kila mtu akawa mpelelezi: nani alificha, nani alijua. Mimi sina jipya la kuongeza huko.

Ninachojua ni kwamba katika Marburg na Ebola, damu iliyochukuliwa siku za mwanzo kabisa inaweza kutoka hasi huku mtu ana ugonjwa, kwa sababu virusi havijawa vingi vya kuonekana. Ndiyo maana utaratibu unataka mgonjwa arudiwe kupimwa saa 72 zikipita tangu dalili zianze. Serikali inayotangaza "hasi" bila kusema sampuli ilichukuliwa siku ya ngapi imetoa nusu ya taarifa.

Mlipuko ule ulipofungwa Machi 2025, hesabu ilikuwa watu 10, wote wamefariki. Waliothibitishwa maabara ni wawili. Wanane waliobaki wamebaki kwenye kumbukumbu kama "wanaodhaniwa", kwani walikwisha kufariki kabla mlipuko haujathibitishwa.

"Papai lilikutwa na korona, kwa hiyo vipimo ni feki."

Hii haijafa. Mei 2020, akiwa Chato, Rais John Magufuli alieleza kwamba sampuli za papai na mbuzi zilipelekwa maabara kwa majina ya watu na zikatoka chanya. Wapo wanaoicheka, na wapo wanaoitumia hadi leo kukataa kila kipimo. Naona pande zote mbili zimekosea.

Kuipelekea maabara sampuli za siri ili kuijaribu si upuuzi hata kidogo. Maabara zenye ithibati hufanyiwa hivyo mara kwa mara: mpimaji naye hupimwa. Lakini papai likitoka chanya, hiyo inaweza kumaanisha sampuli zimechanganywa, meza imechafuka, au lebo zimebadilishana. Kabla ya kulaumu vitendanishi (dawa za kupimia), kwanza unaangalia kama kile kichupa cha maji matupu kinachopimwa sambamba na sampuli nacho kilitoka chanya. Tanzania iliacha kutoa takwimu, na Africa CDC, taasisi ya Umoja wa Afrika ya kudhibiti magonjwa, ikakanusha kwamba vipimo vilikuwa na kasoro. Jibu la kitaalamu, la kichupa kile, mwananchi wa kawaida hakuwahi kuelezwa.

"Serikali ijaze vipimo ghalani."

Vipimo vina tarehe ya kuisha muda, na ugonjwa ujao huenda bado hauna jina. Korea Kusini ilijifunza kwa mlipuko wa MERS, ugonjwa wa jamii ya korona, wa mwaka 2015, uliyoua watu 38. Haikujaza ghala, ilibadilisha sheria ili kipimo kipya kiidhinishwe haraka wakati wa dharura. Tarehe 27 Januari 2020, ikiwa na wagonjwa wanne tu wa korona, ikaziita kampuni za kutengeneza vipimo kikaoni kwenye stesheni ya treni ya Seoul, na Februari 4 kipimo cha kwanza kikaruhusiwa. Siku zile zile, huku kwetu kusini mwa Sahara, maabara zilizokuwa tayari kupima korona zilikuwa mbili tu, Dakar (Senegal) na Afrika Kusini. Dakar ikawaita wataalamu wa nchi nyingine kuwafundisha.

"Majibu ni majibu, popote ulipopimiwa."

Waulize madereva wa malori waliokwama Namanga, mpakani mwa Kenya na Tanzania, Mei 2020. Kenya ilisema baadhi yao wana virusi. Wakapimwa tena Arusha, ikaelezwa hawana. Foleni ikawa ya kilomita kadhaa, na mizigo ikaharibika huku nchi mbili zikibishana juu ya karatasi. Mwaka ule ule Jumuiya ya Afrika Mashariki ikaweka mfumo wa simu wa kufuatilia madereva na majibu yao, na nchi wanachama zikagawiwa maabara tisa za kuhamishika: Tanzania, Kenya na Uganda mbili mbili, Rwanda, Burundi na Sudan Kusini moja moja.

Marburg ya mwaka 2023 kule Kagera ilithibitishwa na maabara ya taifa, Dar es Salaam, upande wa pili wa nchi. Ile ya 2025 ilionekana kwanza kwenye maabara ya kuhamishika ya Kabaile, ndani ya Kagera kwenyewe, Dar ikaja kuhakiki baadaye.