Pilipili haileti vidonda vya tumbo

Mwenye vidonda vya tumbo huambiwa aache pilipili, maharage na mawazo. Pilipili inaweza kukichokoza kidonda kilichopo, lakini si yenyewe inayokichimba. Mara nyingi mhusika ni bakteria aitwaye H. pylori, au dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, ambazo tunazimeza kama njugu.

Mwaka 1984 daktari Barry Marshall wa Australia alikunywa bakteria hao makusudi ili kuthibitisha hilo, na siku chache baadaye tumbo lake likavimba kwa ndani. Yeye na mwenzake Robin Warren walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa ugunduzi huo.

Wengi wanaishi na bakteria huyu bila dalili yoyote. Kwa wengine madhara huvuka tumbo: kidonda kinachovuja damu polepole humaliza madini ya chuma, mtu akawa na upungufu wa damu asijue chanzo. Bakteria huyo akikaa tumboni miaka mingi huongeza hatari ya saratani ya tumbo.

Kipimo cha choo au cha pumzi humgundua. Tiba ni antibayotiki mbili au zaidi pamoja na dawa ya kupunguza asidi, kwa kawaida siku 14. Maziwa hutuliza kwa muda tu, bakteria hayamuui.