Wahun na nyumba wasizojenga

Baadhi ya wachezaji wa Age of Empires II, mchezo wa kompyuta wa kujenga dola na kupigana vita, hulalamika: Wahun, mojawapo ya mataifa ya kuchagua, hawahitaji nyumba, basi mchezo hauna usawa. (Wahun, si wahuni, ingawa wakikuvamia utawatofautisha kwa shida.) Kweli wanaokoa mbao nyingi: nyumba moja hula mbao 25 na kuongeza nafasi ya watu 5 tu. Ila kuweka usawa si kumnyang'anya kila mtu faida yake. Ni kuitoza bei. Wahun huanza na mbao 100 pungufu, wakati ule ule ambapo kila gogo lina kazi yake. Halafu kuna ramani: farasi wanaotesa watu kwenye Arabia, ramani ya nchi kavu, hubaki wakishangaa maji kwenye Islands, ramani ya visiwa, mpaka wavushwe kwa meli.