Ulitaharuki chini ya maji? Sema kabla hujapanda basi la Nairobi

Kila likizo ya Agosti na ya Krismasi ikiisha, katika idara ya dharura ninakofanya kazi hapa Nairobi hatukosi mtu aliyetoka kuzamia baharini kwa mtungi wa hewa, kule Diani au Watamu. Bega linamuuma, kiwiko hakikunjiki vizuri, au mguu una ganzi. Ukimhoji polepole, mara nyingi kuna jambo lilitokea kule chini ambalo hajamwambia mtu. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa, na majibu ninayoyarudia hadi sauti inakauka.

Taharuki ni nini? Si woga tu?

Ukiwa na woga bado unafikiri. Taharuki ikikushika, mwili unafanya mambo bila kukuuliza. Pumzi inakuwa fupi, ya haraka, ya kifuani juu juu, na kwa pumzi ya namna hiyo kaboni dayoksaidi haitoki mwilini ipasavyo. Ikijaa, ndiyo inayokuletea ile hisia ya kukosa hewa. Unavuta kwa kasi zaidi, nayo inazidi kujaa. Mtungi una hewa, lakini wewe una hakika kwamba imekwisha. Wapo wazamiaji walioopolewa wamekufa na hewa ikiwa imebaki mtungini, kipumulio wamekitema wenyewe.

Nikitaharuki, si nibane pumzi nipande juu haraka?

Hapana. Usibane pumzi. Hata kama hutakumbuka jambo lingine lolote katika makala haya, kumbuka hilo: ukiwa unapumua hewa ya mtungi, usibane pumzi kamwe.

Kwenye kina cha mita 10 mgandamizo ni mara mbili ya ule wa juu ya maji. Hewa iliyojaza mapafu yako pale, ukifika juu itataka nafasi mara mbili. Koo likiwa limefungwa, hewa hiyo itapasua vifuko vya mapafu, iingie kwenye damu na kufika ubongoni. Mtu anaibuka, anasema neno moja, anapoteza fahamu, yote ndani ya dakika chache. Na haihitaji kina kirefu. Mapafu yakiwa yamejaa, kupanda mita moja na kitu tu kumewahi kuumiza watu, maana yake hata kwenye bwawa la mazoezi.

Wengine hunijibu kwamba wamekulia pwani na wamepiga mbizi tangu utotoni huku wamebana pumzi. Ni kweli, lakini mtoto wa Lamu anazama na pumzi aliyoivuta juu. Akirudi juu, inarudi ukubwa wake ule ule. Wewe umevuta yako chini, ikiwa imeshindiliwa. Hizo ni pumzi mbili tofauti kabisa.

Basi nifanye nini pale pale?

Simama. Acha kupiga miguu. Shika kitu kama kipo, kamba ya nanga au mkono wa mwenzako. Toa pumzi ndefu, ndefu kuliko unavyotaka, kisha vuta taratibu. Toa tena. Mtazame mwenzako machoni na umpe ishara kwamba kuna shida. Ikibidi kupanda, pandeni pamoja mkipumua muda wote, si zaidi ya mita 9 kwa dakika, na kama hali inaruhusu tulieni dakika 3 kwenye mita 5. Haya hayajifunzwi siku ya tukio. Ndiyo maana mkufunzi mzuri atakuvulisha miwani ya maji ukiwa bado bwawani, tena na tena, mpaka maji yakigusa pua usishtuke. Nimewaona watu wakiona zoezi hilo ni la kuwapotezea muda na kumsihi mkufunzi alipitishe haraka ili wakawaone kasa. Naomba sana, usiwe wewe.

Wanaozamia mapangoni si ni watu waliochoka kuishi?

Hili huulizwa kila video ya pango inapozunguka kwenye simu. Nenda mapango ya msitu wa Karura, ingia ndani kidogo, zima tochi ya simu uhesabu hadi 60. Sasa fikiria giza hilo limejaa maji, na juu ya kichwa chako kuna mwamba. Hakuna kupanda. Njia ya kutokea ni ile uliyoingilia, na teke moja baya la mguu linaweza kutibua matope hadi usione mkono wako.

Kwa hiyo hatari ni kubwa, sibishi. Lakini mzamiaji wa mapango aliyefunzwa haingii bila kamba inayotoka nje hadi alipo, na amefanya mazoezi ya kuifuata kwa kidole akiwa amefumba macho. Anabeba tochi 3. Hewa anaigawa mafungu matatu: moja ya kuingilia, moja ya kutokea, na moja haigusi, ni ya dharura, yake au ya mwenzake. Taharuki ameipangia tangu akiwa nchi kavu. Wengi waliofia mapangoni hawakuwa na mafunzo ya mapango, na baadhi yao walikuwa wakufunzi wa kuzamia baharini, watu wenye uzoefu wa miaka. Cheti cha bahari hakikupi ruhusa ya pango, hata "kuchungulia tu". Penye mwamba juu ya kichwa, baki nje.

Wanaonisikitisha zaidi ni vijana wetu wanaowaona wazamiaji hao wendawazimu, kisha Jumapili wanaruka ndani ya timbo la mawe lililojaa maji ya mvua, hawajui kina, hawajui kuogelea, wala hakuna aliyebaki juu na kamba. Timbo limezoeleka, basi linaonekana salama.

Mbona wale watoto wa Thailand walitolewa pangoni bila mafunzo yoyote?

Mwaka 2018, watoto 12 na kocha wao wa mpira walinaswa na mafuriko ndani ya pango la Tham Luang. Wote 13 walitolewa hai, lakini hawakuzamia, walizamishwa. Richard Harris, daktari wa usingizi kutoka Australia ambaye pia ni mzamiaji wa mapango, aliwapa dawa, hasa ketamini, wakalala. Wakavalishwa barakoa za uso mzima na kubebwa kama mizigo na wazamiaji waliobobea. Walilazwa kwa sababu waokoaji walijua kwamba mtoto mmoja akitaharuki kwenye upenyo mwembamba, atakufa na huenda akamwua anayemwokoa. Hivyo ndivyo wanaoujua mchezo huu wanavyoiogopa taharuki. Na siku chache kabla, Saman Kunan, aliyewahi kuwa mwanamaji wa Thailand, alikufa humo humo akirudi kutoka kupeleka mitungi.

Nilitaharuki, nikapanda kwa kasi, lakini najisikia vizuri. Lazima nimwambie mkufunzi?

Mwambie. Mwambie saa hiyo hiyo, mashua haijafika ufukweni.

Kijana mmoja alikuja kwangu Jumatatu asubuhi, kiatu bado kina mchanga, bega linanukia mafuta ya kukandia. Ijumaa miwani yake ilijaa maji kwenye mita 16, akapaa juu. Aliona aibu kwa sababu mchumba wake alikuwa anamtazama. Akasema yuko sawa. Jumamosi akazamia tena mara mbili, jioni akanywa bia, Jumapili akapanda basi la usiku. Nilipomwomba avue shati nimpime, vidole vya mkono wa kulia havikuweza kufungua kifungo. Alikitazama kile kifungo kama si chake. Siku tatu zilipotea kwa aibu tu.

Kutaharuki si aibu. Huwashika hata wazoefu. Kinacholemaza watu ni kuficha.

Sipandi ndege, narudi na treni ya SGR. Si salama?

Jamani, Nairobi iko juu ya bahari kwa karibu mita 1,700! Treni na basi havina mabawa, lakini vinakupandisha kilima kile kile. Ukiwa chini, nitrojeni ya hewa ya mtungi huyeyuka mwilini, na huhitaji muda kutoka taratibu. Ukipaa haraka kutoka chini, au ukipanda mahali penye hewa nyepesi kabla haijatoka, inafanya mapovu mwilini, kama soda iliyofunguliwa ghafla. Baada ya kuzamia mara moja, subiri angalau saa 12. Ukizamia mara kadhaa, au siku mfululizo, subiri angalau saa 18. Mimi humwambia kila mtu aache siku nzima ya mwisho bila kuzamia, ale samaki wake atulie. Muda huo ni wa mtu asiye na dalili yoyote. Mwenye dalili asisafiri hadi aonwe na daktari huko huko pwani.

Bega linauma kwa sababu nilibeba mitungi. Nimeze dawa ya maumivu nisubiri?

Usisubiri. Maumivu ya kiungo, ganzi, mguu mzito, kizunguzungu, ngozi yenye mabaka na kuwasha, mkojo kugoma, au uchovu usio wa kawaida ndani ya saa 24 baada ya kuzamia: hesabu ni mapovu mpaka daktari aseme vinginevyo. Dawa ya maumivu inaficha dalili. Kukandwa hakutoi mapovu. Pombe inakudanganya kwamba ni uchovu wa jana. Na maumivu yakipungua yenyewe, bado nenda.

Nimeshafika Nairobi na vidole vina ganzi. Nifanye nini?

Usijiendeshee gari, na usijaribu kurudi baharini "ukajitibu" kwa kuzama tena. Nenda idara ya dharura sasa hivi, usiku au mchana, na neno la kwanza mlangoni liwe: "Nilizamia." Usipolisema, utapimwa malaria, utapewa dawa ya mgongo, utarudishwa nyumbani. Omba oksijeni ya barakoa, ulale chali, unywe maji kama hutapiki. Daktari ndiye ataamua kuhusu chumba cha mgandamizo, kile kinachokurudishia mgandamizo kama wa chini ya maji ili mapovu yanywee, na jinsi ya kukufikisha huko. Njoo na namba ya mkufunzi wako, maana tutataka kujua ulishuka mita ngapi, kwa dakika ngapi, na kama ulipanda kwa kasi. Hapo tafadhali tuambie ukweli wote.